Sura ya Sita: Malezi ya Mche wa Nyanya

Yeyote aliyeishi katika nyumba yenye ua na jaa ameona ajabu hii ndogo: mahali palipomwagwa maji ya kuoshea vyombo, au palipotupwa nyanya iliyooza, huchomoza baada ya siku chache kikundi cha miche ya nyanya ambayo hakuna mtu aliyeipanda, aliyeimwagilia wala aliyeitakia heri. Kwa sababu ya wepesi huo watu wengi hudhani ya kuwa nyanya ni mmea usiohitaji maarifa, na wanapoazimia kuipanda hutawanya mbegu ardhini kama watu wanaowarushia kuku mtama, kisha hushangaa miezi mitatu baadaye wanapopata kichaka cha majani na matunda mawili matatu yenye kitako cheusi. Kuota na kukua ni mambo mawili mbalimbali. Kuota ni tabia ya mbegu, na mbegu ya nyanya haina choyo katika jambo hilo. Lakini kukua ni matokeo ya malezi, na malezi hayo, kama sura hii itakavyojaribu kuthibitisha, hukamilika au huharibika ndani ya siku 30 za mwanzo, mche ukiwa bado kitaluni, kabla mwenye bustani hajafikiri habari ya mbolea, miti ya kuegeshea wala mavuno.

Nyanya ni mgeni katika nchi zetu, ingawa leo ni taabu kumfikiri mpishi wa pwani aliyeunga mchuzi, wali au samaki pasipo nyanya. Jamaa zake wa mwituni humea hata sasa magharibi ya Amerika ya Kusini, hususa Peru na Ekuado, na huko huzaa vitunda vidogo visivyozidi upana wa ukucha wa kidole gumba. Watu wa Meksiko ndio walioilea na kuichagua hata ikawa zao la shamba na soko, na Wahispania walipoiteka nchi hiyo mwaka 1521 waliwakuta wenyeji wamekwisha kuizoea. Mwaka 1544 mtabibu wa Kiitalia, Pietro Andrea Mattioli, aliitaja katika maandishi yake. Na mwaka 1597 Mwingereza John Gerard aliieleza kwa karaha, akiamini kuwa ina madhara, ingawa alijua ya kuwa Wahispania na Waitalia huila. Hofu yake ilikuwa na asili, maana ukoo wa nyanya una mimea yenye sumu kali, na majani ya nyanya yenyewe si chakula. Lakini katika ukoo huo huo wamo pia bilinganya, pilipili, kiazi cha mviringo na tumbaku, na nasaba hii si jambo la kupamba mazungumzo tu: magonjwa ya mmoja aghalabu huwapata ndugu zake. Kwa hiyo udongo uliootesha bilinganya au pilipili msimu uliopita haufai kuoteshea miche ya nyanya, na mtu avutaye au atafunaye tumbaku anawajibika kunawa mikono kwa sabuni kabla hajagusa mche, kwa kuwa kirusi kinachotia madoa majani ya tumbaku huweza kupita katika vidole vyake na kuingia katika nyanya.

Tadbiri ya kwanza ni kuchagua mbegu. Nyanya ziko za jinsi mbili kwa kimo chake. Ziko zinazokua hadi kiasi fulani, zikatoa maua karibu kwa pamoja na kuiva kwa mfululizo mfupi, mathalan Cal J na Roma; hizi huwafaa wenye ndoo na viroba, na wenye haja ya kupika rojo kwa wingi kwa mara moja. Na ziko zisizokoma kurefuka maadamu zinaishi, kama Money Maker, ambazo humpa mwenye nyumba matunda machache machache kwa miezi mingi, kwa sharti la kuziegesha na kuzipogoa. Fauka ya hayo, mbegu hutofautiana kwa uzazi wake. Aina kama Tanya na Tengeru 97, zilizosambazwa kutoka Arusha, huzaa watoto wanaofanana na wazazi, kwa sababu ua la nyanya hujichavusha lenyewe kabla chavua ya jirani haijapata wasaa wa kuingia. Bali mbegu za chotara, zile zinazoandikwa F1 juu ya pakiti, hutoa mazao makubwa mwaka wa kwanza, lakini mbegu zilizokamuliwa katika matunda yake huzaa kizazi kisicho na mwafaka, huyu mrefu, yule mfupi, wa tatu dhaifu. Mwenye nia ya kujitegemea kwa mbegu zake mwenyewe na aanze na aina ya kwanza. Wala asinunue nyingi: gramu 1 ya mbegu za nyanya ina mbegu 300 hivi, na familia yenye miche 10 iliyolelewa vizuri haitakuwa na shakwa la nyanya.

Anayetaka kukamua mbegu mwenyewe ni lazima aelewe kwa nini mbegu ya nyanya haioti ndani ya tunda, ingawa humo mna unyevu na joto la kutosha. Imezungukwa na utelezi wenye dawa ya kuizuia isiamke kabla ya wakati wake, na maumbile yameweka njia mbili za kuuondoa utelezi huo: kuoza kwa tunda, au kupita katika tumbo la mnyama. Mtaalamu wa Kimarekani Charles Rick, aliyetumia umri wake kuchunguza nyanya za mwituni, aliona ya kuwa mbegu za nyanya za visiwa vya Galapagos ziliota kwa nadra mno zilipopandwa hivi hivi, lakini zilipokwisha kupita tumboni mwa kobe wakubwa wa visiwa hivyo, walio jamaa wa mbali wa kobe ambao wageni huenda kuwatazama katika kisiwa cha Changuu karibu na Unguja, ziliota kwa wingi. Habari hiyo aliitangaza pamoja na mwenzake mwaka 1961. Nyanya zetu za bustani hazina ukaidi wa kadiri hiyo, walakini nazo hufaidika kwa kuchachushwa. Chagua tunda lililoiva barabara katika mmea wenye afya kuliko yote, wala si tunda kubwa kuliko yote katika mmea mgonjwa. Likate kati, ukamulie mbegu na maji yake katika bilauri, ufunike kwa kitambaa chepesi, uache kivulini siku 2 au 3 hata juu pawe na utando mweupe na harufu ya uchachu. Hapo ongeza maji, koroga, subiri. Mbegu nzima zitazama, na mapepe yataelea pamoja na utando. Mwaga yanayoelea, osha zilizozama mara kadhaa, kisha zianike kivulini juu ya sahani, si juu ya karatasi, ambayo huganda nazo. Usizichachushe zaidi ya siku hizo, maana katika joto la pwani zitaanza kuota bilaurini. Zikikauka, zitie katika chupa yenye kifuniko, uandike jina na mwaka, uiweke mahali pakavu pasipo joto. Mbegu iliyohifadhiwa hivyo hudumu na uhai wake miaka 4 na zaidi.

Sasa tuje kwenye majira. Katika nchi za baridi watu hupanda mbegu ndani ya nyumba kwa sababu huogopa jalidi. Sisi wa pwani hatuna adui huyo, lakini tunaye mwingine aliye kinyume chake, nalo ni joto la usiku. Usiku ukizidi nyuzi 24 hivi, chavua hudhoofu na maua hupukutika bila kufunga tunda, na hii ndiyo sababu nyanya zilizopandwa ili zichanue wakati wa kaskazi, katika Januari na Februari, huwa na majani ya kupendeza na mavuno ya kusikitisha. Kwa mtu wa Tanga, Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, hesabu njema ni kupanda mbegu katikati ya Mei chini ya upenu, masika ingali inamalizika, akahamisha miche katikati ya Juni mvua zinapopungua, ili maua yatoke Julai na Agosti, kusi ikivuma na usiku umepoa. Wa nyanda za juu, kama Lushoto, Arusha au Ilula ya Iringa, wana uhuru mkubwa zaidi wa majira, ila wao waiogope mvua pamoja na ukungu wa asubuhi, kwa kuwa hali hiyo huleta bakajani, ugonjwa uwezao kulitia shamba zima weusi katika muda wa juma moja.

Kitalu cha nyumbani hakihitaji ukubwa. Kasha la mbao, sinia kuukuu au debe lililokatwa kwa ubavu, likitobolewa matundu chini ili maji yapite, latosha kwa miche 20. Udongo wake na uwe mafungu mawili ya udongo mweusi wa juu, fungu moja la samadi iliyooza hata ikakosa harufu, na fungu moja la mchanga wa mtoni. Mchanga wa baharini usitumike, kwa sababu chumvi yake huunguza mizizi michanga. Kisha udongo huo usafishwe kwa moto. Wazee walikuwa wakichoma takataka juu ya kitalu kabla ya kupanda, na hekima yao ina ithibati: ndani ya udongo wenye unyevu huishi vijidudu vya ukungu vinavyosababisha kinyausi, maradhi ambayo hukondesha shingo ya mche mahali inapogusana na udongo, ukaanguka ubavu kana kwamba umekatwa, asubuhi mmoja, jioni kumi. Mwenye jiko na autie udongo wake katika debe pamoja na maji kidogo, aufunike, aupashe moto mpaka mvuke utoke kwa nusu saa, aache upoe kabisa. Kazi hii huonekana ya upuuzi kwa asiyeijua, lakini hakuna dawa ya kuusimamisha tena mche uliokwisha kuanguka kwa kinyausi.

Piga vifereji vya kina cha sentimita 1, vikiachana kwa sentimita 10, uweke mbegu moja moja, kila moja na nafasi ya vidole viwili, ufunike kwa udongo mlaini na kutandaza juu yake nyasi kavu kidogo. Mwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu madogo, ili maji yashuke kama manyunyu yasifukue mbegu. Katika joto la nyuzi 21 hadi 27 mbegu huchomoza baina ya siku ya 5 na ya 10. Na siku ile ile utakapoona shingo za kwanza zimepinda juu ya udongo, ondoa nyasi zote bila kungoja kesho. Hili ni jambo dogo, na taksiri katika jambo hili dogo huharibu kazi yote, maana mche unaozaliwa gizani hukimbilia mwanga: hurefuka upesi, ukawa mwembamba, mweupe, usioweza kujibeba, na hata ukiupa jua baadaye shingo yake haitanenepa tena.

Majani mawili ya kwanza, yaliyo membamba na yenye ncha, si majani ya nyanya kwa dhati yake. Ni akiba ya mbegu. Majani halisi hufuata juma moja baadaye, yamekatikakatika pembeni, na ukiyagusa huacha juu ya vidole harufu ile ya nyanya isiyofanana na nyingine. Katika kipindi hiki mambo matatu yanatawala. La kwanza ni jua: kitalu kipate jua lote la asubuhi, na makuti yawekwe juu kwa saa za adhuhuri tu, yakiondolewa alasiri. La pili ni maji: mwagilia asubuhi, kisha usirudie mpaka uso wa udongo umeanza kukauka, kwa kuwa mtu anayemwagilia kila anapopita kwa huruma anakitengenezea kinyausi makazi. La tatu ni nafasi, nalo ndilo linalowashinda wenye moyo laini. Miche iliyosongamana hunyang'anyana mwanga, yote ikawa dhaifu kwa usawa. Hivyo ni wajibu kupunguza, na ile dhaifu ikatwe kwa mkasi usawa wa udongo, isivutwe, ili mizizi ya jirani isitikisike. Anayeona uchungu kuitupa miche 10 atavuna nyanya ndogo katika miche 20.

Jani halisi la pili likikunjuka, kila mche hupewa nyumba yake: kifuko chenye matundu, kopo la maziwa, au kifuu cha nazi kilichotobolewa kitako. Katika kuuhamisha, ushike kwa jani wala usiushike kwa shina, kwa maana mche huweza kuotesha jani jingine, lakini hauna shina la akiba. Uzamishe mpaka karibu na majani ya mbegu. Shina la nyanya lina sifa isiyopatikana katika mimea mingi ya bustani, ya kutoa mizizi mipya mahali popote linapozikwa katika udongo wenye unyevu, na mche unaozamishwa hivyo hupata mizizi mingi zaidi ya ule uliowekwa juu juu. Hata mche uliorefuka kwa kukosa mwanga huweza kuokolewa kidogo kwa njia hii, ingawa kuokoa si sawa na kulea.

Maadui wa umri huu huja usiku na mchana. Sota hutoka udongoni usiku na kukata shina usawa wa ardhi. Pete ya karatasi ngumu iliyozungushwa shinani, nusu ndani ya udongo na nusu nje, humzuia. Inzi weupe hunyonya majani upande wa chini, na dhara lao kubwa si kunyonya bali kuleta kirusi kinachokunja majani na kudumaza mmea, na mmea ulioambukizwa kitaluni hauzai kitu cha maana. Yuko pia kantangaze, kiwavi wa nondo mdogo aliyetoka Amerika ya Kusini, akaingia Hispania mwaka 2006, na kufika Tanzania na Kenya mwaka 2014, ambaye huchimba njia zake ndani ya jani na kutoboa tunda, mahali ambapo dawa ya kunyunyiza haimfikii kwa urahisi. Kinga nafuu dhidi ya wawili hawa wa mwisho ni kipande cha chandarua chenye matundu madogo, kitandikwe juu ya vijiti na kufunika kitalu tangu siku ya kuota. Na jani lolote lenye michirizi ya kantangaze lichumwe na kuchomwa, lisitupwe jaani.

Siku 7 kabla ya kuhamishia miche mahali pake pa kudumu, ianze kuzoezwa maisha: punguza maji, ondoa makuti kidogo kidogo, iachie upepo. Kufikia siku ya 30 hivi, mche ulio tayari una urefu wa sentimita 10 hadi 15, shina nene kama penseli au linalokaribia hivyo, majani halisi 4 hadi 6 yenye rangi ya kijani iliyoiva, na hauna ua. Mche wenye ua ndani ya kifuu umekwisha kukata tamaa ya kukua na umeamua kuzaa upesi kabla ya kufa. Usihadaike na haraka yake. Hamisha jioni, katika ndoo ya lita 20 au katika shimo lenye samadi, kila mche ukiachana na mwenzake kwa sentimita 50 hadi 60, uuzike tena shina lake mpaka karibu na majani ya kwanza, na umwagilie papo hapo.

Yanayofuata yaweza kusemwa kwa ufupi, kwa sababu mche uliolelewa vizuri huomba machache. Mmea mrefu usimikiwe mti wa kuuegesha siku ile ile ya kuhamishwa, ili mizizi isije ikachomwa baadaye, na machipukizi yanayotoka kwapani mwa majani yake yavunjwe yangali mafupi. Maji yamwagwe chini, si juu ya majani, na yawe kwa kipimo kimoja, kwani kuyaacha yakatike kisha kuyamwaga kwa wingi huzuia chokaa ya udongoni isifike katika tunda, na hiyo ndiyo sababu ya kitako cheusi tulichokitaja mwanzoni. Maua yakitoka, tikisa shina kwa upole asubuhi, hasa kwenye uwanja uliozungukwa na kuta usiofikiwa na upepo. Ua la nyanya humwaga chavua kwa mtikisiko, na kazi hiyo porini hufanywa na wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa boriti, ambao huning'inia uani na kuvuma mpaka chavua ikamwagika. Tangu ua kufunga hadi tunda kuiva hupita siku 45 hadi 55 hivi, na hakuna mbolea inayoweza kuzifupisha sana.

Wazee walisema udongo uwahi ungali maji, na mfinyanzi siye peke yake anayehusika na maneno hayo. Shina lililokonda kitaluni hubaki limekonda shambani, kirusi kilichoingia katika wiki ya tatu hakitoki, na mizizi iliyosongwa koponi hukumbuka msongo wake mpaka siku ya mavuno. Basi, msomaji, usianze na miche mingi, wala na aina tatu kwa mpigo, wala usitumie fedha yako kununua mbolea ya dukani kabla hujajifunza kupasha udongo moto na kupunguza miche pasipo huruma. Anza na miche 10 ya aina moja yenye uzazi safi, uipande mbegu yake katikati ya Mei, uitazame kila asubuhi kwa siku 30, na katika mmea bora kuliko yote uweke tunda moja la mbegu. Ukifanya hivyo, mwaka wa pili hutakuwa mnunuzi wa mbegu, na jirani yako atakuja kwako kuomba miche.